Masaa Mawili Niliyoyasema Nyegezi

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye chumba chetu cha kuchapa cha Igoma, na yeyote atakayekuja kukalia kiti changu. Kiti chenyewe mguu mmoja umechomelewa, kwa hiyo msiegemee upande wa dirishani. Wiki iliyopita nimekabidhi funguo, nimekabidhi hedfoni, na daktari amenikataza kuvaa tena kitu chochote masikioni. Ndiyo kustaafu kwenyewe huko. Hakukuwa na keki wala mgeni rasmi.

Siku ile ya mwisho Happy, mdogo kuliko wote mle chumbani, alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Kijana kasimama mbele ya gari, juu yake maandishi: lipwa kwa dola ukiwa nyumbani, masaa mawili tu kwa siku. Akaniuliza, "Mama Sayi, hii kitu ni kweli?" Nikajifanya natafuta miwani. Sasa ngoja nijibu kwa kirefu, maana yupo mtu aliyeacha kazi kwa ajili ya maneno hayo, na aliyemwambia ni mimi.

Nilianza kuchapa kwenye kibanda kimoja mjini, jirani na mahakama, ambako watu walileta barua, wosia na malalamiko. Bosi wangu alikuwa Mzee Magesa, Mjita, karani wa mahakama aliyestaafu akafungua biashara yake. Siku ya kwanza alinisomea maelezo ya shahidi wa kesi ya ng'ombe, mimi nachapa. Shahidi alikuwa anaongea Kiswahili cha kubahatisha, nami kwa wema wangu nikawa namnyooshea. Mzee akaichomoa karatasi kwenye mashine akaichana.

"Nani kakwambia alisema hivi?"

"Mzee, nimemrekebishia tu kidogo."

"Wewe ni mama yake? Andika alichosema. Kama alisema upuuzi, andika upuuzi."

Nilirudia ukurasa ule mara tano. Jioni niliapa sirudi, na asubuhi nikarudi kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto na baba yake alishaondoka. Mzee Magesa alinifundisha kazi yote ninayoijua: kusikiliza kwanza bila kugusa mashine, kuandika majina pembeni kabla ya yote, kutobahatisha tarakimu hata kama una haraka. Alikuwa hasifii mtu. Ukipatia anakupa karatasi nyingine.

Kompyuta zilipoenea, kila ofisi ikawa inachapa yenyewe, na kibanda kikabaki na wateja wa vyeti vya ubatizo. Mteja mmoja aliyekuwa anafanya utafiti ndiye aliyeniambia kwamba huko duniani kuna watu wanatuma sauti kwenye mtandao, mikutano, mahojiano, madaktari wakisoma habari za wagonjwa, na wanamlipa mtu azigeuze kuwa maandishi. Nikaenda kwenye chumba cha intaneti Nyegezi, nikajisajili, nikapewa mtihani wa dakika kumi za Kiingereza. Nikashindwa. Nikarudia nikashindwa. Mara ya tatu nikashindwa kwa sababu umeme ulikatika, na hilo hawakutaka kulisikia. Mara ya nne nikapita, na nilitembea kwa miguu kutoka Nyegezi mpaka Mkolani huku nacheka peke yangu kama mtu aliyepandwa na mashetani.

Sasa vifaa, maana hapa ndipo vijana mnapopuuza. Pedali ile ya kusimamisha na kurudisha sauti kwa mguu nilitengenezewa na fundi wa hapa hapa Igoma, kwa kanyagio la cherehani na nyaya za kipanya cha kompyuta kilichokufa. Imenizikia kompyuta mbili na yenyewe bado ipo, msiitupe. Betri ya akiba ichajiwe kila siku, siyo siku umeme ukikatika. Na bati! Mvua za hapa zinapenda kuja asubuhi kutoka ziwani, na ikianza kupiga bati husikii hata jina lako. Nilipoteza kazi nyingi mpaka nilipopigilia dari ya mbao laini na kujaza magunia juu yake. Mafundi walinicheka wakadhani nafuga popo.

Na muda, ambao ndio habari yenyewe. Sauti ya saa moja iliyorekodiwa vizuri, mtu anayeijua kazi anaimaliza kwa masaa manne. Mkipewa wazee watatu wanaongea kwa pamoja huku wanakoroga chai, hesabuni saba. Kupata hela ya kulisha nyumba na kumsomesha Sayi wangu nilikuwa nakaa masaa kumi na moja kwa siku, siku sita. Na sikuwa mzembe mimi.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ndefu. Ilikuwa mahojiano ya mama mmoja, sijui wa nchi gani, anaeleza jinsi mtoto wake alivyofia hospitali. Sheria ilikuwa mtu akilia unaandika kwenye mabano kwamba analia. Niliandika. Nikalia na mimi, nikapangusa kompyuta kwa kanga, nikatuma. Wakairudisha: sikuonyesha alilia kwa sekunde ngapi. Nikairudia sauti, nikamhesabia mama wa watu kilio chake kwa sekunde, nikatuma tena, wakaniandikia asante kwa umakini wako. Mwe! Kuna siku unatamani ungekuwa unauza dagaa.

Lakini jambo lililonitafuna zaidi lilikuwa la hapa nyumbani. Kwetu kazi ni lazima ionekane. Mtu akitoka asubuhi na mkoba, hata kama anaenda kukaa chini ya kivuli, huyo kaenda kazini. Mimi nilikuwa sitoki. Kwa hiyo msiba ukitokea, Mama Sayi ndiye wa kushinda jikoni, si yupo nyumbani? Mtoto wa jirani akiumwa, aachwe kwa Mama Sayi. Mzigo wa mtu ukija kutoka Bukoba, upokelewe na Mama Sayi. Mke wa kaka yangu alinitambulisha nyumbani kwao, "Huyu ni wifi, yeye yupo yupo tu." Nilikuwa napika ubwabwa wa msiba mpaka alasiri, halafu nakaa kwenye mashine kuyafidia masaa yao.

Baadaye nikaezeka nyumba, nikachimba kisima, Sayi akaingia chuo. Hapo maneno yakabadilika. Wakaanza kuuliza, wewe unafanya nini humo ndani? Na mimi, kwa kiburi, Mungu anisamehe, sikutaka waseme maskini, anateseka na kompyuta mchana kutwa. Walishaniita mvivu miaka yote, basi nikaona bora wanione mvivu mwenye akili. Nikawa najibu, "Aah, kazi yenyewe ndogo tu, masaa mawili matatu hivi, nimemaliza." Walivyokuwa wanashangaa, nilikuwa nasikia raha ya ajabu. Neno hilo nililisema mara nyingi mpaka likawa linatoka lenyewe.

Ndipo akaja Kocha. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe alijiita hivyo na watu wakamwita hivyo. Kijana wa suti iliyombana, viatu bila soksi, anaendesha semina za kipato cha mtandaoni kwenye ukumbi mmoja Nyegezi. Alisikia habari zangu kwa majirani. Akaja na soda na heshima zote, shikamoo mama, mama wewe ni hazina. Anataka nikatoe ushuhuda. Neno lenyewe lilinipata, maana kanisani kwetu nimetoa shuhuda nyingi, na mnazijua zilivyo: unasimama, unaeleza baraka, watu wanapiga makofi, unakaa. Hakuna anayesimama kushuhudia mgongo unaouma.

Ukumbi ulijaa. Manesi, askari wa akiba, wanachuo, kina mama wa sokoni waliovaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi. Nikaeleza nilivyoanza, nikaeleza nyumba, kisima, chuo cha Sayi. Yote kweli. Halafu Kocha akaniuliza kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wote, "Mama, waambie, kwa siku unafanya masaa mangapi?"

Nikasema, "Mawili. Nikiwa nimechoka, moja na nusu."

Kelele iliyopigwa pale! Watu walisimama juu ya viti. Kocha akarukaruka. Mimi nikaona aibu kidogo na raha nyingi, nikapewa bahasha, nikarudi Igoma, nikakaa kwenye mashine mpaka shingo ikakataa kugeuka. Kuna kazi ya daktari ilikuwa inasubiri.

Miezi miwili baadaye akagonga mlango mwanamke wa makamo, nadhifu, begi mkononi na daftari jipya kwapani. Mwalimu Adventina, Mhaya wa Muleba, aliyekuwa anafundisha shule ya msingi Misungwi. Alikuwa safu ya tatu siku ile.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu mdogo wangu."

"Dada, nimekuja kujifunza. Nimeshaandika barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kuacha kazi. Notisi ya saa ishirini na nne." Akacheka, uso unang'aa. "Nilisema nikisubiri nitaogopa. Wewe umeweza, na mimi nina cheti."

Jamani, nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, nikakiweka chini. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilimwangalia yule mama aliyeacha kazi ya kudumu, miaka kumi na sita ya ualimu, watoto wawili wanasoma, mume amefariki, na nikasema, "Karibu, kaa." Nikamwekea hedfoni. Siku ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Siku ya tatu saa kumi jioni akavua hedfoni akauliza taratibu, "Dada, mbona tangu asubuhi hujamaliza?"

Nikamwambia. Sikumpambia. Nikasema ni masaa kumi na moja, siku zote yamekuwa kumi na moja.

Hakupiga kelele. Wahaya wanajua kujikaza. Alikunja waya wa hedfoni vizuri, akauliza, "Kwa nini ulisema mawili?"

"Kwa kiburi tu, mdogo wangu. Nilitaka kuonekana."

"Kuonekana na nani? Mimi nilikuwa hata sikujui."

Kesho yake tulikwenda wote ofisi ya elimu kuuliza kama barua inaweza kurudishwa. Tuliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba ameshaondolewa kwenye orodha, aombe upya pamoja na vijana wanaomaliza vyuo, na kwa umri wake asijipe matumaini. Tulikaa kwenye benchi nje. Akasema baba yake kule Muleba bado anawaambia watu mwanangu ni mwalimu, na yeye hatamwambia. Mpaka mzee alipofariki hakuambiwa.

Basi Adventina akabaki, kazi ikaongezeka nikawachukua na ninyi, na hapo chumbani ndipo wengi wenu mlipomkuta. Ninyi mlimjua kama mtu wa kimya anayechapa polepole. Hamkujua ni kwa nini nilikuwa nampa kazi zenye sauti safi na mimi nachukua za wazee wa chai. Alijitahidi. Lakini mtu aliyezoea kusimama mbele ya watoto sabini, ukimfungia masikio akae peke yake, anakauka. Alikuwa akichoka anasahihisha madaftari ya watoto wa jirani, bure, kwa kalamu nyekundu, na huo ndio muda pekee niliomwona anatabasamu.

Halafu ikaja mashine inayosikiliza na kuandika yenyewe. Mnajua wenyewe, siwaelezi. Kazi zikapungua, zilizobaki zikawa za kusahihisha makosa ya mashine kwa nusu ya ujira na kwa muda uleule. Mkono wangu wa kulia ukaanza kufa ganzi, masikio yakaanza kupiga filimbi. Adventina mwenyewe ndiye aliyeniambia niache. Na wiki ileile akanipa habari: amepata kazi nyingine, ya Jumamosi na Jumapili, malipo ya uhakika, ada za watoto zimekaa sawa. Nikafurahi mno. Nikamuuliza wapi.

"Kwa Kocha," akasema. "Anasema naongea vizuri. Natoa ushuhuda."

Sikumuuliza anashuhudia nini. Niliogopa jibu.

Jumamosi moja kabla ya kukabidhi funguo alinialika. Alisema, dada njoo, nataka nikuage kwa heshima mbele za watu, wewe ndiye uliyenifundisha. Nikavaa gauni langu zuri nikaenda Nyegezi. Ukumbi ni uleule, viti vipya. Adventina akapanda jukwaani, na lo, yule siyo wa chumbani kwetu. Sauti imejaa, mikono inaongea, watu wameshika mashavu wanamsikiliza. Mwalimu hasa. Akaeleza alivyokuwa na chaki na madeni, akaeleza alivyothubutu. Kocha akamuuliza masaa mangapi.

"Mawili," akasema, na hakuniangalia. Halafu akasema, "Na aliyenifundisha yuko hapa. Dada, simama wakuone."

Makofi. Kipaza sauti kikanifikia. Ningesema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na nesi, bado ana saa yake imebanwa kifuani, ameshafungua daftari ukurasa wa kwanza. Nikaona lile daftari jipya, nikakumbuka la Adventina kwapani.

Nikasema, "Ni kumi na moja. Siku zote ni kumi na moja. Hela ipo, ya kula na kuezeka, kama una masikio mazima na mgongo. Masaa machache hayapo. Nimekaa mtandaoni miaka kumi na minne, na niliyemwona anapata vizuri kwa masaa machache ni mmoja tu, naye ni huyu mwenye semina. Mimi hapa hapa niliwahi kusema mawili. Nilisema uongo."

Mnadhani walilia? Walicheka. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama mchoyo huyo, hataki tuingie!" Wakapiga makofi, Kocha akacheka nao akasema mama yetu ana utani. Uongo wangu ulisimamisha ukumbi mzima juu ya viti, kweli yangu wakaifanya kichekesho. Nikakaa.

Lakini nesi hakucheka. Alifunga daftari, akaenda mezani kudai hela yake ya kiingilio. Wakamfuata wengine wawili, halafu kikundi kizima cha kina mama. Nilimwona Kocha anamvuta Adventina pembeni ya jukwaa, anaongea karibu na sikio lake, na yeye anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayekaripiwa. Kisha Adventina akavua shingoni mkanda wenye kitambulisho cha semina, akampa.

Nilimsubiri nje. Alitoka na mkoba wake, akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniamkia wala kuniita dada.

"Mara ya kwanza umedanganya, nikaacha kazi," akasema. "Leo umesema kweli, nimefukuzwa."

"Adventina, yule nesi..."

"Yule nesi humjui. Mimi unanijua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka tu. "Kweli yako umekaa nayo miaka yote hii. Ungeshindwa nini kukaa nayo miezi minane, mwanangu mdogo amalize kidato cha nne?"